Sakafu ya Mama Docus

Jumatatu asubuhi Lamwaka alikuta maji yamevuka kizingiti, akakunja kitenge hadi magotini, akawasha jiko juu ya meza kama kawaida. Nyumba yao iko mtaa wa Bwaise, upande wa bondeni, ambako vitanda vyote vimepandishwa juu ya matofali. Mama yake, Docus, mjane wa mwanajeshi, alikuwa amelala kwenye chake akisikiliza vipaza sauti vya mgombea barabarani. Mgombea alipotaja mtaro mpya, maji yalitoka taratibu, yakapita mlangoni, yakaenda kusimama kando ya barabara pamoja na watu. Alipopanda gari, yalirudi. Tangu kampeni zianze maji ya Bwaise yalikuwa na tabia hiyo. Watu walishaacha kuizungumzia. Walitumia nafasi hiyo kufagia.

Wiki hiyo hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Mkutano wa asubuhi ulihamishiwa jioni, wa jioni ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Soko la Kalerwe, ambako Lamwaka huuza karanga za kusaga, lilifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Mumewe Kidega, askari polisi, alikuwa akisindikiza misafara na alirudi nyumbani kubadilisha soksi tu. Inachosha kuishi hivyo, na inachosha zaidi kwa kuwa kila mwenye kipaza sauti anakuambia yote ni kwa ajili yako.

Jumatano Docus akafa. Usiku uliotangulia alikuwa amemwachia bintiye ombi moja.

"Mtoto yangu, miaka yote hii nalala juu ya matofali kama gari mbovu. Nikikufa, apana weka mimi pale tena. Weka mimi chini, kwa mkeka, mahali kavu."

Gari la kumpeleka kwao kaskazini kuzikwa lisingepatikana mpaka barabara zifunguliwe. Lamwaka alitaka jambo moja tu, kwamba waombolezaji wamkute mama yake sakafuni kama alivyoomba. Kwa hiyo alihitaji mgombea. Hilo halikuwa gumu, maana wakati wa kampeni wagombea hawakosi msiba. Kidega alimnong'oneza mheshimiwa aliyekuwa akimlinda kwamba amefiwa na mama mkwe, na kwamba wafiwa ni wengi na wote wanapiga kura.

Mheshimiwa alifika Alhamisi mchana. Alisema pole, kisha akasema mtaro. Maji yakatoka. Wanawake walifagia, wakapangusa, wakatandika mkeka, wakamshusha Docus, wakatoa kitanda nje kupisha waombolezaji. Uso wake ulilegea. Lamwaka aliketi kando yake, miguu ameinyoosha kwenye saruji kavu, akalia kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Nje, mheshimiwa aliongeza upana wa mtaro, akaongeza taa, akaongeza na daraja, na maji yakazidi kusogea kumfuata.

Msaidizi wake akaanza kutazama saa. Kulikuwa na msiba mwingine Kisugu. Julienne, jirani kutoka Kongo, ambaye hana kura na kwa hiyo hakuwa amemkasirikia mgombea yeyote, alipeleka birika.

"Muache aongeye," alimwambia msaidizi. "Chai iko mingi."

Mheshimiwa akanywa, akaongea. Kidega, aliyesimama mlangoni na bunduki yake, alimwomba kwa heshima arudie habari ya mtaro, eti wazee wa nyuma hawakusikia. Akairudia. Sauti ikamkauka. Mwishowe aliwaombea baraka za Mungu, akapanda gari, na Kidega akapanda naye, maana ndiyo kazi.

Maji yalirudi bila haraka. Yaliingia mlangoni, yakavizunguka viatu vya waombolezaji, yakafika ukingo wa mkeka. Julienne alikuwa amerekodi hotuba kwenye simu, akaifungulia kwa sauti ya juu kabisa. Maji yalisimama kidogo, yakasikiliza, kisha yakaendelea.

Lamwaka alimshika mama yake mkono uliokuwa umeanza kulowa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nimejaribu."

Akainuka kwenda kutafuta matofali. Hakufika mbali. Majirani walikuwa wameshapanga foleni mlangoni, kila mmoja ameshika mawili, maana Bwaise hakuna nyumba isiyo na matofali ya akiba.