Nyumba Iliyopigwa Lipu

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1978. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni tangu alfajiri, na manyunyu yalidondoka juu ya mawe ya Mtaa wa Watengeneza Ngozi bila sauti yoyote. Walburga Stöhr alikuwa amekwisha kusali. Aliomba jambo moja tu, lile lile aliloliomba juma zima: Bwana, niachie nyumba hii nifie ndani yake.

Nje, Fundi Lorenz Hutzel, seremala, aliegemeza ngazi ukutani. Aliitwa kwa sababu ya ufa uliotokea pembeni mwa mlango. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini sasa ulipitisha mkono.

"Bibi Stöhr, nikiibandua lipu hii hairudi tena," alisema.

"Ibandue. Ila uniahidi kwamba utaiponya nyumba yangu."

"Siahidi. Kwanza nione mbao."

Walburga hakushangaa. Katika mji ule seremala hakuahidi ovyo. Akivua kofia, akaweka kiganja juu ya mti wa jengo na kutamka neno mbele ya majirani wawili, neno hilo lilimfunga yeye na wanawe.

Ottilie, mjane wa mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, alivuka akiwa na mwavuli na mkate wa moto chini ya aproni.

"Lorenz, hiyo ngazi italiweza tumbo lako?"

"Tumbo hili ni mikate yako, Ottilie. Bila hiyo mimi ni mwepesi."

Walicheka wote watatu. Kisha nyundo ikaanza kazi.

Nyumba ile ilikuwa ya mbao za mwaloni zilizounganishwa kwa vigingi, na katikati ya mbao kuta zilijazwa fito na udongo. Ilijengwa baada ya vita virefu vilivyoacha nusu ya mji majivu. Mtengeneza ngozi Jost Kehl na mkewe Gela walichonga maneno kwenye boriti ya juu ya mlango: *Jost na Gela walimtegemea Mungu, wakajenga. 1651.* Tangu hapo, kila aliyeitengeneza nyumba aliongeza majina yake pale pale. Yupo aliyeezeka upya baada ya radi. Yupo mjane aliyerudisha ukuta uliobebwa na mafuriko. Wafumaji waliishi humo, askari wa nchi tatu walilala humo, na watu waliofukuzwa makwao walipika supu ya viazi kwenye vyumba vyake vyote, hata ngazini. Nyumba iliwameza wote, ikasimama.

Ewald Stöhr, mume wa Walburga, alirudi kutoka utekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia akiwa mifupa mitupu. Hakupenda tena kitu chochote kilichopinda. Na miaka ile watu walizionea aibu mbao zao, wakisema ni nyumba za maskini, na mtaa mzima ukaanza kujificha nyuma ya saruji. Majira ya joto ya mwaka 1962, kila jioni baada ya kazi, Ewald aliipiga lipu ya saruji nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, mbao na majina kwa pamoja. Walburga ndiye aliyembebea maji. Walipomaliza walisimama upande wa pili wa barabara wameshikana mikono kama maharusi.

"Haya, Burga," alisema Ewald. "Sasa una nyumba ya mawe."

Alicheka siku ile. Walburga alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu kabla ya vita.

Kisha Ewald akafa, majira ya baridi mawili yaliyopita. Desturi ya nyumba ile, aliyoachiwa Walburga na mama mkwe wake, ilikuwa hii: mtu akifa, aliyebaki hugonga nguzo ya pembeni mara tatu na kuiambia nyumba nani ameondoka, isije ikaendelea kumngoja. Mti hujibu kwa mlio wake. Walburga aligonga, lakini mkono wake ulikuta saruji. Aligonga mpaka vidole vikatoka damu, wala hakusikia jibu. Tangu siku hiyo aliamini moyoni kwamba nyumba bado inamngoja Ewald.

Sasa lipu ilianguka vipande vipande, na nyuma yake nguzo ya pembeni ikatokea, nyeusi na yenye maji. Lorenz alichukua bisibisi, akaisukuma polepole. Iliingia mpaka kwenye mpini.

Hakuna aliyecheka.

"Saruji imeyafungia maji ndani," alisema Lorenz. "Mti ulikosa pa kupumulia. Boriti ya chini imekwisha, na nguzo zote za upande huu zimekwisha. Mama, ni lazima ishushwe kabla ya theluji. Theluji ikikaa juu ya paa hili, itakuangukia."

"Ewald naye!" Ottilie alifoka. "Alituapia itadumu miaka mia, yule kichwa kigumu—"

"Ottilie, maji ya ile saruji nilibeba mimi."

Ottilie akamkumbatia rafiki yake, mkate ukiwa bado katikati yao.

Walburga aliikaribia nguzo, akaigonga. Ilitoa sauti ya unyevu, kama mkate uliochacha. Alilia hapo bila kujifunika uso. Roswitha, mtoto wa dada yake, aliyekuja kumsaidia kufungasha kama ingelazimu, alitoka ndani na kumshika bega.

"Utakaa kwangu, mama mdogo. Na kiwanja hiki tutakijenga tena. Matofali, lakini tutakijenga."

Lorenz alikuwa amehamia mlangoni. Lipu ya juu ilidondoka, na chini yake majina yakaonekana, makavu, kwa maana ukingo wa ghorofa ya juu, uliotokeza nje, ulikuwa umeyakinga na mvua. Alipiga boriti kwa kifundo cha kidole. Ililia kama kengele ndogo.

Walburga aliomba kigoda. Alipanda akishikwa pande zote mbili, akagonga mara tatu. Mti ukajibu mara tatu.

"Ewald amekufa," aliiambia nyumba. "Usimngoje tena. Na wewe nenda kwa amani."

Midomo yake ilisali. Kisha akasema, "Fundi, chonga na majina yetu."

"Lakini Burga," Ottilie alisema taratibu, "hapo huandikwa walioitengeneza. Nyinyi..."

"Sisi tumeiua. Sema tu. Achonge hivyo hivyo: Ewald na Walburga waliifunika kwa upendo, hawakujua. Bwana awarehemu. Atakayekuja asome, asirudie."

Lorenz alishuka. Manyunyu yalikuwa yakimlowesha, lakini alivua kofia, akanyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya boriti.

"Mbele yako Ottilie, na mbele yako Roswitha," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "siahidi nyumba, kwa sababu siiwezi. Ila naahidi hivi: nitaishusha kwa mikono, kigingi kwa kigingi, si kwa mashine. Maneno ya mama nitayachonga kama alivyoyasema. Na boriti hii italala kwangu pakavu mpaka siku mtakapojenga, na siku hiyo mimi au wanangu tutaipandisha juu ya mlango."