Vifungo Juu ya Meza ya Kukatia

Dakika ya kumi tulikuwa tumeshafungwa mabao mawili, na mimi nahodha sikuelewa hata moja limeingiaje.

Kocha wetu ni mdogo wa mke wangu, fundi wa mashine kwenye karakana yetu ya kushona sare. Wiki nzima alitukusanya kuizunguka meza ya kukatia, akapanga vifungo: vyeupe sisi, vyeusi waoka mikate, wapinzani wetu. Mtindo mpya, alisema, kukabia juu. Hatuwangoji golini kwetu, tunawafuata huko huko kwao. Tunaziba upande mmoja, tunawaachia wa pili, wakiingia tu tunawabana wote kwa pamoja. Akaacha pengo mwisho wa meza, akaligonga kwa kidole. "Mlango wa mtego ni huu. Mmeuona?" Tukaitikia kwamba tumeuona.

Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, wenzako wakipanda, panda hadi mstari wa kati. Ukibaki nyuma umetuvuruga. Ukishindwa mechi hii, zijazo utakaa benchi."

Mimi, benchi! Miaka kumi na miwili nimekuwa beki wa kati, na huyu nilimfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Nje ya uwanja sijui mimi ni nani.

Sasa uwanjani ni vurugu tupu. Washonaji wanakimbia kuziba kulia, sisi wakataji tunaziba kushoto, na katikati pamebaki uwazi wa kupitisha mkokoteni wa mikate. "Zibeni!" kocha anapiga kelele. Tunaziba. "Siyo huko!" Huko wapi, jamani? Winga wetu, mshona mifuko, alinipita mbio akielekea nisikotarajia, nikamkodolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kuziba! Wewe je, unatoka wapi?"

Hata refa alicheka.

Wakati wa mapumziko kila mwamba ngoma alivutia kwake. Washonaji waliapa pengo lilikuwa kushoto. Wakataji tuliapa lilikuwa kulia. Kocha alijishika kichwa tu. Mimi nikawa nawatazama walivyosimama, washonaji huku, wakataji kule, kama kazini, nikamgeukia kocha.

"Shemeji, ulipokuwa unapanga vifungo ulisimama wapi?"

"Dirishani, pamoja na washonaji."

"Na sisi tulisimama ukutani, ng'ambo ya meza, tunawatazama nyinyi. Kulia kwenu ni kushoto kwetu."

Watu tunaogeuza vitambaa kutwa nzima, tumeshindwa kugeuza meza moja kichwani! Fundi hakosi vifungo mfukoni. Nikavitoa, nikavipanga chini, nikawasimamisha wote upande mmoja, pamoja na kocha.

Kipindi cha pili waoka mikate hawakupumua. Waliingia kwenye pengo mara tatu, mara tatu tukawanyang'anya, na mara mbili tukafunga. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nilipanda hadi mstari wa kati kama nilivyoagizwa.

Ndipo wakaanza kupiga mipira mirefu juu yangu. Mshambuliaji wao, msambaza mikate kwa baiskeli, alinipita, kipa akaokoa. Akanipita tena kabla miguu yangu haijageuka, mpira ukagonga mwamba. Nikashangaa: kosa liko wapi sasa, na kila mtu amesimama panapotakiwa? Nikahesabu wenzangu kama vifungo, mmoja mmoja. Wote walikuwa sawa. Nilirudia kuhesabu, maana sikutaka kuamini aliyebaki.

Zilibaki dakika kumi. Nikatembea hadi pembeni, nikavua kitambaa cha unahodha, nikamvalisha mkataji mwenzangu aliyekuwa benchi.

Kocha alichanganyikiwa. "Mbona unatoka? Sijakuita!"

"Najua."

"Wewe ndiye uliyetufungua macho, shemeji. Sielewi."

Vifungo vilikuwa bado vimepangwa chini, mbele ya benchi. Niliinama, nikaokota kile cheupe cha beki wa kati, nikakitia mfukoni, nikakaa.