Maswali Ishirini kwa Mama

Mwaka 1976 nilirudi Kibuta kutoka ng'ambo na shahada ya saikolojia. Kijijini hakuna aliyejua ni kitu gani. Mimi nilijidai najua. Dada yangu Sikuzani hakutaka mahubiri. Alitaka barua.

"Tangu tuhamishiwe huku mama hali, Kitwana. Anapika, anampakulia marehemu baba, kisha anakaa kuitazama sahani. Anataka kurudi mahameni, kwenye kaburi la baba. Mwenyekiti Mashaka haruhusu mtu arudi kule, ila mgonjwa ataonewa huruma. Wewe msomi, andika tu kwamba anaumwa."

Andika tu! Nilikasirika. Miaka mitatu nimefundishwa kwamba mtu habahatishiwi ugonjwa, anapimwa. Nilikuwa na karatasi ya maswali ishirini, nimeitafsiri mwenyewe kwa mbwembwe zote.

Mama aliposikia naja kumpima alioga, akafunga khanga mpya, akanitandikia mkeka wa wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Usingizi unapata?"

"Napata, alhamdulillahi."

"Chakula unakula?"

"Nakula, baba."

"Una huzuni?"

"Huzuni ya nini, nawe umerudi?"

Hivyo hivyo mpaka la ishirini. Mama gani angemlalamikia mwanawe aliyetoka safari? Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuliandika, nikajumlisha alama: mzima. Nikamwandikia mwenyekiti hivyo, nikatia sahihi, na chini yake nikaitaja shahada yangu. Mashaka aliisoma kwa heshima akaifungia kabatini. Ruhusa ikaishia hapo.

Sikuzani hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kila asubuhi alimpelekea mama uji, mama akashukuru, akauweka kando ukapoa. Nilikuwa na jina la ugonjwa ule, na majina ya mabingwa watatu walioueleza. Uji haukupungua.

Mvua za vuli zilipoanza tukamzika kijijini, mbali na baba. Nilimchukia yule kijana wa karatasi niliyekuwa, na mpaka leo sijamsamehe.

Siku ya tatu, baada ya hitima, mwenyekiti aliniita pembeni.

"Pole sana, msomi. Lakini unakula?"

Tangu mazishi sikuwa nimetia kitu mdomoni.

"Nakula, mzee," nikamjibu. "Alhamdulillahi."