Milimita Sitini na Mbili

Mwalimu Asteria alifundisha shule ya msingi karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma kipima mvua kilichosimikwa nyuma ya madarasa, akatuma namba kwa simu kwenye ofisi ya hali ya hewa, Shinyanga mjini. Jumatatu ile alisoma milimita sitini na mbili. Tangu Ijumaa, jumla ilikuwa imepita mia na arobaini. Utabiri wa wiki nao ulisema mvua kubwa na upepo mkali mpaka Alhamisi.

Hakuingia darasani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duara la Mageni, shimo ambamo kaka yake Masalu alichimba na wenzake kumi. Akainama mdomoni mwa shimo, akapaza sauti.

"Tokeni! Udongo umeshiba maji. Msishuke tena mpaka mvua ikatike."

Wakapanda mmoja mmoja, Masalu wa mwisho. Mageni, mwenye shimo, alikuja mbio.

"Nani kakutuma, mwalimu?"

"Sikutumwa. Nimepima."

Mageni alimpiga kofi, kisha akampiga mkononi kwa mpini wa sululu. Asteria alisikia mfupa ukilia. Masalu alimrukia Mageni shingoni, lakini mlinzi wa Mageni, Ngassa, alimvuta nyuma akamshushia rungu usoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka jicho la kushoto likafumba kwa damu.

"Nitashuka mwenyewe," Mageni alisema huku akihema. "Muone kama nitakufa. Ngassa, twende."

Mvua iliwakuta chini. Upepo ulikuja kwanza, ukang'oa bati la kibanda na kulibamiza kwenye winchi. Kisha ukuta wa shimo ukameguka kwa kishindo. Kamba ya kushukia iliyokuwa imelegea ikakaza ghafla: kuna mtu aliyeishika.

Wachimbaji walitazamana. Asteria aliikamata kwa mkono mmoja uliobaki mzima.

"Vuteni!"

"Hata hawa?" Masalu aliuliza, damu ikimdondoka kidevuni.

"Vuta, kaka."

Aliyetoka alikuwa Ngassa, kinywa kimejaa tope. Mageni walimfukua Jumatano, akiwa maiti.

Siku ya maziko, maneno yalikuwa yamegeuka. Watu walisema mwalimu aliijua mvua kwa sababu aliileta. Mchana huohuo Eliya, mdogo wake Mageni, alifika nyumbani kwa Asteria na panga, nyuma yake wanaume sita wenye mawe. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha. La pili likampata Masalu begani.

"Mtoeni huyo mchawi!"

Ngassa alisukuma watu, akasimama mlangoni.

"Nilikuwa chini na kaka yako," alisema. "Aliambiwa, nikasikia. Mwalimu alitutahadharisha; yeye akampiga mwalimu, mimi nikampiga kaka yake."

"Ondoka, Ngassa."

"Siondoki."

Panga lilishuka. Ngassa alikinga kwa mkono, likazama mpaka mfupani. Wachimbaji waliokuwa ndani na Masalu wakatoka na majembe, wakamwangusha Eliya na kumpiga mpaka Asteria akamlalia juu, akipiga kelele waache. Wale sita walitupa mawe yao wakakimbia.

Polisi walimchukua Eliya akiwa hai. Masalu alipoteza jicho. Mwezi uliofuata Asteria aliomba uhamisho, akapewa shule ya Nyarugusu. Siku ya kuondoka, mjane wa Mageni alimsindikiza hadi barabarani, akambebea begi.