Sinki la Komando

Wadi nzima ya wagonjwa mahututi ilimwita sista mkuu wao Komando, naye alilijua jina hilo, akalipenda kimoyomoyo. Kwake daktari bingwa na mfagizi walikuwa kitu kimoja: hunawi, huingii. Sinki lile jeupe la humo wadini aliligombania mwenyewe kwa wakubwa mpaka likaletwa, na wageni wakija aliwaonyesha kama bibi harusi.

Basi usishangae alivyochanganyikiwa vijidudu sugu vilipoingia humo humo. Alianza mgonjwa mmoja, akafuata mwingine, homa juu, na kila dawa iliyojaribiwa iligonga mwamba. Wadi ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Wapi! Vikarudi. Na kule kwenye kona, akipumua kwa mashine baada ya upasuaji, alilala mdogo wake Komando, kitinda mimba wa mama yao. Huyo alikuwa bado salama. Vikimpata, dawa ya kumpa haikuwepo.

"Sista, humu kuna mtu hanawi," alisema daktari wa wadi.

"Wananawa wote. Nawaona kwa macho yangu."

Alisema kweli, na ndiyo maana alikwama. Siku hiyo akasimama katikati ya wadi, akawa anatazama tu. Nesi mmoja alimaliza kumwogesha mgonjwa, akamwaga maji ya beseni kwenye sinki, maana chumba cha kumwagia uchafu kiko mbali. Mwenzake akaja nyuma yake kunawa. Maji ya bomba yakapiga moja kwa moja kwenye tundu la sinki, yakaruka mpaka kwenye shuka la kitanda cha jirani. Komando akavihesabu vitanda kwa macho. Wote walioambukizwa walikuwa wamelala upande ule. Kikulacho ki nguoni mwako!

Akamwita mtu wa maabara apitishe pamba ndani ya tundu. Majibu yakaja: vijidudu ni vile vile.

"Tutalimwagia dawa kali," mtu wa maabara alimfariji.

"Vimeshajenga huko chini kwenye bomba. Ling'olewe."

"Sinki lako, Komando?"

"Langu, ndiyo. Leo hii hii."

Fundi alipokuwa akigonga, Komando alisimama pale pale mpaka likatoka. Tangu hapo mikono ikatakaswa kwa spiriti kando ya kila kitanda, na wa kunawa kwa maji akanawia nje ya mlango. Maji ya beseni yalibebwa mpaka mwisho wa korido, na aliyenung'unika alibebeshwa na la mwenzake.

Hakuambukizwa mtu mwingine. Mdogo wake akatolewa kwenye mashine, akahamishiwa wadi ya kawaida, mzima. Komando akamfuata huko, akakaa kitandani, akamshika mkono bila glavu kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Dada, mikono gani hii? Imekauka kama gome la mti!"

"Iache hivyo hivyo," alisema, machozi yanamtoka na kifua kimejaa fahari. "Hii ndiyo iliyokutoa kule."