Figo ya Sabina

Majibu ya kwanza yalipotoka, Sabina alipiga kigelegele palepale kwenye korido ya hospitali hadi wagonjwa wakamgeukia. Damu yake ilikuwa imeoana na ya Luhende, mdogo wake wa tumbo moja. Kwa mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Figo za Luhende zilikuwa zimekufa. Kazi yake ya kuchomelea mageti kule Pasiansi ilishasimama, na sasa aliishi kwa mashine ya kusafisha damu.

"Ninazo mbili," Sabina alimwambia. "Moja ni yako."

Kabla ya upasuaji kupangwa, aliitwa na Daktari Renatha, mtafiti wa vinasaba. Walikuwa wanafahamiana. Zamani Sabina alipoishi Kisesa, timu ya Renatha ilipita nyumba kwa nyumba ikiomba damu ya Wasukuma, Wahaya, Wakerewe, kila kabila la kanda ya ziwa, iwekwe kwenye benki ya sampuli na kulinganishwa na mafaili yao ya hospitali. Walieleza kwamba utafiti mwingi wa namna hiyo umefanywa kwa Wazungu, na magonjwa yetu sisi bado hayajulikani yanatoka wapi. Sabina alitoa mkono kwa moyo mweupe. Alipoulizwa kama angetaka kuambiwa wakikuta jambo la hatari, alisema ndiyo.

"Tumelikuta, Mama Queen," Renatha alisema. "Kuna kasoro kwenye vinasaba vyako inayoharibu figo. Umeirithi kwa baba na kwa mama. Luhende naye tumempima, anayo vilevile."

"Mbona mimi siumwi?"

"Huenda usiumwe kabisa. Ila ukibaki na figo moja, hatari ni kubwa mno. Madaktari wa upasuaji hawatakubali."

"Usiwaambie."

"Mama…"

"Damu ni yangu, niliwapa mwenyewe. Imwageni. Futeni jina langu, mseme hamjawahi kuniona."

"Kuimwaga ninaweza, ukitaka hata leo. Lakini siwezi kujifanya sijui."

Sabina alishuka kwenye kiti akapiga magoti. Renatha, aliyelelewa Bukoba kuwapigia magoti waliomzidi umri, hakustahimili kumwona mtu wa rika la mama yake pale chini. Naye akapiga magoti. Walibaki hivyo sakafuni, wameshikana mikono, wakilia.

Luhende alipoelezwa, alitabasamu kwa uchovu. "Kumbe wazee walituachia urithi, dada."

Sabina hakucheka. Tangu siku hiyo Luhende alianza kukwepa mashine. Leo kichwa kinamuuma, kesho hajisikii kutoka. Sabina alimfuata, akamgombeza, akambembeleza. "Mashine inanichelewesha tu kufa," Luhende alijibu. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na mvua za vuli zilipoanza wakamzika Bujora, ubavuni mwa mama yao.

Renatha alikuja matangani. Alikaa mkekani na wanawake, akala ugali waliomwandalia. Alipoinuka kuaga, Queen, binti wa Sabina, akamfuata hadi uani.

"Daktari, na mimi nipime."

Sabina alisikia, akatoka. "Wakiikuta je?"

"Nitajua, mama."

"Ukishajua, utafanya nini?" Akamgeukia Renatha. "Mwambie. Dawa ipo?"

"Inajaribiwa nchi za watu," Renatha alisema polepole. "Huku haijafika. Tutakuwa tunampima presha na mkojo, tukimwangalia."

"Mkimwangalia," alisema Sabina.

"Mama, naomba uniruhusu," Queen alisema.

Sabina alitaka kukataa, akakumbuka miguu ya Luhende. Alitaka kukubali, akakumbuka yale magoti sakafuni. Hakuweza hata kimoja. Aliingia chumbani akajilaza kifudifudi kitandani, na nje akamsikia mwanaye akimuuliza Renatha aje lini kupimwa.