Njia Iliyofungwa kwa Kabichi

"Njia yangu iko wapi?" Bi Mwanajuma aliuliza, akaachia kipanya cha kompyuta kana kwamba kimemuunguza.

Mjukuu wake Abbasi alikuwa amesimama nyuma ya kiti akisubiri kusifiwa. "Si hiyo hapo, bibi? Hebu tazama nyasi zinavyopepea. Tazama maji, utadhani uko bwawani Igombe."

"Nimekuuliza njia, wewe unanionyesha maji."

Kazi ya siku tatu hiyo! Abbasi ni fundi wa kompyuta pale sokoni Tabora, na gemu lenyewe lilikuwa la zamani, la mapanga, majoka na wachawi, lililokuwa likichezwa yeye angali darasa la tano. Watu wa mule ndani walikuwa na sura za kuchongwa kwa panga butu. Ila huko mtandaoni wamejaa watu wasio na kazi, Mungu awazidishie, wanaotengeneza modi: vipande vya kubandika juu ya gemu kuukuu lipate kupendeza. Kuna modi ya sura, ya mawe, ya anga, ya mvua. Kompyuta ya bibi haikuweza kuzibeba zote. Ukizidisha inaunguruma, inakwama. Abbasi akachagua, akajaribu, akafuta, akachagua tena. Mvua akaiacha ili apate nafasi ya nyasi. Nyasi ndizo zilizomlevya, ndefu, nene, kila unyasi na kivuli chake.

Bi Mwanajuma akajaribu tena. Alishika njia ya kushoto, mbwa mwitu wakamrarua. Alirudi, akashika ya kulia, akatumbukia korongoni. Mara ya tatu aliacha kabisa. Alivua mtandio, akaifunika nao kompyuta, akaenda kukaa barazani na mkono wa kulia ukiwa umejikunja mapajani.

Mkono huo ndio uliokuwa na kisa. Kwa miaka arobaini ulishona kofia za mkono ambazo mashehe wa Tabora walizigombea, mpaka kiharusi kilipoulaza mwezi wa pili. Kule hospitali ya Kitete alipewa mpira wa kuminya, wa kuuzoesha mkono. Akauminya siku mbili, akampa jirani. "Mimi si wa kuchezea mpira," alisema. Ndipo Abbasi akamletea gemu, mkono upate kazi kwenye kipanya, na gemu, ajabu ya Mungu, akalipenda. Alikuwa akiwasalimu hata wenye maduka wa mule ndani.

Na juu ya meza, kando ya kompyuta, ulikaa mkebe wa biskuti wenye kofia moja iliyoshonwa nusu. Ilikuwa ya Abbasi, ya kuolea. Kwenye ukoo wao bwana harusi havai kofia ya dukani. Anavaa ya bibi yake, basi. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita, na Bi Mwanajuma alikuwa ameapa kwamba mkono utarudi kabla ya siku hiyo.

Siku nne mtandio haukuondoka juu ya kompyuta. Siku ya tano vidole vilikuwa vimekaza hata kikombe hakishikiki. Abbasi aliogopa. Aliogopa kweli, ingawa usoni alijifanya ana shughuli nyingi.

Siku hiyo alikuja Tunu, mchumba wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo umuone mume wetu, kanipoteza porini."

Tunu alicheka, akakaa mkekani. Kisha akauliza swali ambalo fundi mzima hakuwahi kuliuliza. "Kwani mwanzoni njia ulikuwa unaijuaje, bibi?"

"Nilikuwa nazifunga zile nyingine." Bi Mwanajuma akamtazama Abbasi kama mtu anayemtazama mbuzi ndani ya shamba lake. "Babu yake babu yangu alikuwa kirangozi, anaongoza misafara. Akifika njia panda pale Kwihara, hukata tawi akalilaza kwenye njia isiyofaa. Wapagazi wa nyuma wakiona tawi hawapiti. Sasa kwenye gemu hakuna tawi la kukata. Kuna kabichi."

"Kabichi?" Abbasi aliuliza.

"Zimejaa jikoni mwa kila nyumba. Nazichukua, nazipanga safu kuziba njia isiyofaa. Na kila moja naiweka kwa mkono huu huu, nimejiwekea sharti. Wa kushoto haugusi."

Abbasi alikuwa ameziona hizo kabichi. Alidhani ni uchafu wa gemu lenyewe, na nyasi zilipozifunika alifurahi. Aliingia ndani, nao wakamfuata, akatoa mtandio, akawasha kompyuta, akafuta modi ya nyasi bila kuuliza mtu.

Ardhi ikarudi ile ya zamani, kavu, ya rangi moja. Kwenye njia panda ya kwanza kabichi zilikuwa zimetawanyika ovyo, moja huku, moja kule, nyingine imeviringika mpaka mtaroni. Ya pili zilikuwa afadhali kidogo. Kadiri njia ilivyopanda mlimani ndivyo safu zilivyonyooka, na ile ya mwisho ilinyooka kama mshono wa kofia. Tunu alisogea akazihesabu kwa kidole, kisha akautazama mkono wa bibi. Abbasi akamgeukia bibi yake.

"Nisamehe, bibi."

"Hukujua. Lakini hukuuliza pia." Akavuta kiti. "Haya, nionyeshe moja moja, nichague mwenyewe."

Abbasi akamwonyesha sura mpya za watu.

"Toa. Muuza duka alikuwa na pua mbaya, lakini nilishamzoea."

Maji?

"Toa."

Anga, lenye mwezi mkubwa na mawingu?

Bi Mwanajuma aliinua kichwa, akatazama kwa muda. "Hilo liache. Mwezi haumpotezi mtu."

Akacheza mpaka adhana ya alasiri. Alipomaliza hakuinuka. Alinyoosha mkono wa kulia, polepole, akauvuta mkebe wa biskuti karibu na kifua, akaweka kidole gumba chini ya ukingo wa kifuniko. Abbasi akapeleka mkono.

"Usinisaidie, mume wangu."

Abbasi akaurudisha mkono, akaukalia. Kifuniko kililia kidogo, kikainuka upande mmoja, kikakwama. Bi Mwanajuma akapumua, akaanza upya.